VYOMBO VYA NDANI VYA MAREHEMU: KUTOKA MADINA MPAKA BARIADI



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni mirathi. Ukitaja mirathi mtu anafikiria kiwanja, nyumba, ng'ombe na pesa ya benki. Lakini nenda kwenye msiba wowote, Bariadi mjini, Maswa, Meatu, Itilima au kule Lamadi, uangalie kitu gani kinaondoka mwanzo. Nyumba haiondoki. Linaondoka godoro. Inaondoka redio, baiskeli, simu ya marehemu, koti lake zuri. Siku ya kuanua matanga nguo zinamwagwa kwenye mkeka, kila mtu anavuta yake, na watu wanacheka kabisa. Mjane amekaa pembeni na eda yake. Baada ya wiki mbili inakuja Fuso kupakia makochi, kabati na jokofu, eti "vitu vya kaka yetu." Hakuna karatasi, hakuna bei, hakuna aliyeuliza lile jokofu lilinunuliwa na nani.

Msomaji wangu, usiseme hivi ni vitu vidogo. Fungua Surat an-Nisaa aya ya 7. Allah (s.w) anathibitisha fungu la wanaume na fungu la wanawake katika walichoacha wazazi na jamaa wa karibu, na anataja wazi kwamba ni sawa kiwe kidogo au kiwe kingi. Neno "kidogo" limo ndani ya Qur'ani. Sufuria imo ndani ya neno hilo, na mwiko wake.

Sasa twende Madina, mwaka wa 3 Hijria, sawa na 625 Miladia. Vita vya Uhud vimekwisha na Waislamu wapatao 70 wamekufa shahidi. Mmoja wao ni Sa'd bin ar-Rabi' (r.a), Mwansari. Ameacha mke, mabinti wawili na kaka yake. Yule kaka akachukua mali yote. Hakuona kuwa ameiba, ndivyo desturi ya Waarabu ilivyokuwa: anarithi mwanamume anayeweza kubeba silaha, mwanamke na mtoto hawana kitu. Mjane wa Sa'd hakukaa kimya. Akawashika mabinti zake mkono akaenda nao kwa Mtume (s.a.w), akaeleza kwamba baba yao ameuawa Uhud, ami yao amechukua kila kitu, na mabinti wasio na mali ni vigumu kuolewa. Mtume (s.a.w) akamwambia asubiri hukumu ya Allah. Ikateremka aya ya mirathi. Akaitwa yule ami, akaamriwa: wape mabinti theluthi mbili, mpe mama yao thumni, kitakachobaki ni chako. Wamepokea kisa hiki Abu Dawud na at-Tirmidhi. Ukigawa mali ile mafungu 24, mabinti 16, mjane 3, ami 5.

Angalia nani alishikilia mali: kaka wa marehemu. Shika hilo, tutakutana naye tena huku kwetu.

Angalia pia kwamba yule ami hakutolewa kapa. Uislamu haukusema ndugu wa mume ni wezi, ulisema wana fungu lao na fungu hilo lina mpaka. Nalisema hili kwa sababu wako wanaofundisha mirathi kana kwamba kila shemeji ni shetani. Hapana. Mashemeji wengi wanachofanya ni kile walichoona baba zao wakifanya.

Kabla hatujaondoka Madina kuna watu wengine watatu.

Wa kwanza ni Ja'far bin Abi Talib (r.a), aliyeuawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria. Habari ilipofika, Mtume (s.a.w) aliwaambia watu wawapikie chakula jamaa wa Ja'far kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Majirani ndio wapike. Sisi tumegeuza. Mtu akifa, ng'ombe wake anachinjwa siku ya kwanza, wa pili siku ya tatu, mahindi yake ya ghalani yanasagwa, na watu mia mbili wanakula wiki nzima. Ng'ombe yule alikuwa mali ya nani? Tangu roho ilipotoka ni mali ya warithi baada ya madeni, na miongoni mwao kuna mtoto wa miaka minne. Nani alimwomba ruhusa? Hata angeruhusu, ruhusa yake haifai, ni mdogo. Aya ya 10 ya sura ileile inasema nini juu ya wanaokula mali ya yatima unaijua, sina haja ya kukurudia.

Wa pili ni Abu Bakr as-Siddiq (r.a), mwaka wa 13 Hijria. Yuko katika ugonjwa wa kufa anafanya hesabu ya vyombo vyake. Vile vilivyomfikia kwa ajili ya kazi ya ukhalifa, ngamia wa kuteka maji na kitambaa kikuukuu miongoni mwao, aliagiza virudishwe kwa khalifa atakayefuata. Vilipofika kwa Umar (r.a) akalia, akaona amewachosha watakaokuja baada yake. Na alipotajiwa sanda alielekeza akafiniwe katika nguo aliyokuwa nayo mwilini ioshwe, kwa hoja kuwa aliye hai ana haja zaidi ya nguo mpya. Huyu ni mtu aliyejua ndani ya nyumba yake kipi chake na kipi si chake. Wangapi kati yetu tukifa leo mke atajua kwamba ile pampu ya kupuliza pamba ni ya jirani?

Wa tatu ni az-Zubayr bin al-Awwam (r.a), na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu habari yake iliyomo katika Sahihi al-Bukhari ni darasa zima la usimamizi wa mirathi.

Az-Zubayr aliuawa mwaka wa 36 Hijria, siku za Vita vya Ngamia. Hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, ikiwemo al-Ghaba, na nyumba: kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa, moja Misri. Na aliacha deni la 2,200,000. Deni lilitoka wapi? Watu walikuwa wanamletea amana zao awawekee, yeye anakataa amana, anasema iwe mkopo, kwa kuwa anaogopa ikipotea mwenyewe akose haki. Msimamizi akawa mwanawe Abdallah. Sasa tizama alivyofanya. Al-Ghaba baba yake aliinunua kwa 170,000. Abdallah hakuandika 170,000. Aliithamini kwa bei ya siku ile akaigawa vipande 16, kila kipande 100,000, ikatoka 1,600,000. Wadai wakaitwa. Abdallah bin Ja'far, aliyekuwa anadai 400,000, akachukua vipande vinne. Vilivyobaki vikanunuliwa na watu wengine, mpaka vikasalia kimoja na nusu, Mu'awiya akavichukua kwa 150,000.

Madeni yakaisha. Watoto wengine wakasema: tugawie mirathi yetu. Abdallah akakataa. Alitangaza katika msimu wa hija, miaka minne mfululizo, kwamba anayemdai az-Zubayr aje alipwe. Ilipopita miaka minne ndipo akagawa, na kila mke kati ya wanne akapata 1,200,000. Miaka minne! Sisi siku ya saba Fuso liko mlangoni.

Sasa turudi kwenye vyombo vya ndani, maana az-Zubayr aliacha ardhi, na ardhi ina mipaka inayoonekana. Shida ya sufuria ni kwamba haina hati. Hakuna jina juu yake. Mume na mke wameishi miaka ishirini, kitanda kilinunuliwa na pamba ya mwaka fulani ambayo walilima wote, cherehani ililetwa na mke kwao, makochi alinunua mume, televisheni walichangia. Mume akafa. Vyombo vya ndani ni vya nani?

Usidhani swali hili limeanza na sisi. Wanazuoni wa karne ya pili Hijria walilijadili kwa jina lake, mata'u al-bayt, vyombo vya nyumba, na wakatofautiana sana.

Alikuwepo kadhi wa Kufa anaitwa Ibn Abi Layla, amefariki mwaka 148 Hijria (765). Yeye alisema: vyombo vyote vya nyumba ni vya mume, isipokuwa nguo za mke na mfano wake, mpaka mke alete ushahidi. Katika mji huohuo alikuwepo Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 (767). Yeye alifuata kauli iliyopokewa kutoka kwa Ibrahim an-Nakha'i: vitu vya kiume ni vya mwanamume, vitu vya kike ni vya mwanamke, na vile vinavyowafaa wote wawili, mmoja akifa, ni vya yule aliyebaki hai. Elewa hilo vizuri. Mume akifa, kitanda, sufuria na mikeka vinabaki kwa mjane kwa kauli ya Abu Hanifa, wala haviingii kwenye mgawanyo. Imamu Malik naye akatazama desturi: vinavyojulikana kuwa vya wanawake ni vya mke, vilivyobaki ni vya mume.

Akaja Imamu ash-Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yamefuatwa zaidi pwani yetu yote ya Afrika Mashariki na yakaja bara pamoja na walimu waliotoka pwani. Amefariki Misri mwaka 204 (820). Katika kitabu chake al-Umm amezikataa kauli hizo. Hoja yake nitakupa kwa maneno yangu. Mume na mke wote wawili wamo ndani ya nyumba, mikono yao iko sawasawa juu ya kila kitu. Mwenye ushahidi achukue chake. Wakikosa ushahidi wote, kila mmoja anaapa na vitu vinagawanywa nusu kwa nusu, iwe ni wao wenyewe wameachana au ni warithi wao baada ya kifo. Hakubali kupeleleza kwamba hiki kinaonekana cha kiume, hiki cha kike. Mwanamume anaweza kununua au kurithi vitu vya kike, na mwanamke vitu vya kiume. Akatoa mfano ambao mimi kila nikiusoma natabasamu: Ali (r.a) alimwoa Fatima (r.a) kwa mahari ya deraya ya chuma. Deraya ni vazi la vita, hakuna kitu cha kiume kuliko hicho, na mwenye mali alikuwa Bibi Fatima! Akaongeza: tukihukumu kwa dhana, basi wakigombana muuza manukato na mtengeneza ngozi juu ya vitu vilivyo mikononi mwao wote, tutampa huyu manukato na yule dawa za ngozi kwa kukisia tu, na hukumu haiendi hivyo.

Nikupe hesabu uone tofauti hizi zina uzito gani. Ni mfano tu, nimezipanga namba zikae vizuri. Mtu amefariki Bariadi. Ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Hana deni, hana wasia. Vitu vya ndani ambavyo hakuna mwenye ushahidi navyo, makochi, kabati, jokofu, kitanda, masufuria, vimethaminiwa 6,400,000. Kwa kauli ya Ibn Abi Layla vyote ni vya marehemu, mjane anapata thumni yake tu, 800,000. Kwa ash-Shafi'i, mjane akiapa, nusu ni yake mwenyewe kabla ya mirathi, 3,200,000. Nusu nyingine ndiyo mirathi: mjane anaongezewa thumni, 400,000, mtoto wa kiume 1,400,000, kila binti 700,000. Mjane ana jumla ya 3,600,000. Kwa Abu Hanifa vitu hivi vya pamoja ni vyake vyote. Hao ni maimamu wetu, na hata yule mkali kuliko wote, Ibn Abi Layla, hakuna mahali alipomtoa mjane mikono mitupu.

Basi hiyo ya mikono mitupu imetoka wapi? Turudi nyumbani.

Mkoa wetu wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mila za Kisukuma za urithi ziliandikwa wakati wa Mwingereza na mtu anaitwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika. Kitabu chake juu ya sheria na mila za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Baada ya uhuru serikali ikataka kuziunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi ambayo Cory aliianza na kufariki mwaka 1962 kabla ya kuona matunda yake. Mwaka 1963 likatoka Tangazo la Serikali namba 436, lenye sheria za urithi za kimila. Humo msimamizi wa mirathi ni kaka mkubwa wa marehemu au baba yake. Watoto wa kike wako daraja la tatu, la mwisho. Na mjane hana fungu ikiwa mume ameacha jamaa: fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Umemwona yule kaka wa Sa'd amerudi? Tofauti ni kwamba safari hii ameandikiwa karatasi.

Jambo la pili lililotokea mwaka huohuo 1963: sheria mpya ya Mahakama za Mahakimu ilifuta mfumo wa mahakama za maliwali na makadhi huku Tanganyika. Tangu hapo Mwislamu wa bara mirathi yake inakwenda Mahakama ya Mwanzo, mlango uleule anaoingia asiye Mwislamu. Ndani ya mlango ule kuna sheria mbili mezani, ya kimila na ya Kiislamu. Ipi itatumika kwako?

Hapa ndipo Msukuma Mwislamu anapoumia. Mahakama zetu kwa miaka mingi zimekuwa zikitazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake: aliishi vipi, alioa vipi, alizikwa vipi, alitaka nini. Mtu ameswali miaka thelathini, ana cheti cha ndoa ya Kiislamu, amezikwa kwa sanda. Akifa, kikao cha ukoo kinakaa chini ya mti, karani wa ukoo anaandika "tumekubaliana mali igawanywe kwa mila zetu," mjane anapewa peni asaini, anasaini. Karatasi ile inapelekwa mahakamani. Hakimu hakumjua marehemu, anasoma alichopewa. Ewe ndugu uliyekaa kwenye kikao kile na kofia yako kichwani, ulikuwa unaangalia nini?

Mwaka 2005 wajane wawili wa Kisukuma kutoka Mkoa wa Shinyanga, tuliokuwa sote wakati huo, walifungua kesi Mahakama Kuu kupinga Tangazo lile la 1963. Waume zao walifariki, wakatolewa kwenye nyumba zao na upande wa waume. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kuwa sheria zile zina ubaguzi, lakini ikaona si vyema kuzibadilisha mila kwa hukumu ya mahakama. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa kwa kasoro ya nyaraka, bila kuingia ndani ya hoja. Wakafika mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na Machi 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa.

Najua baadhi yenu mkisikia Umoja wa Mataifa mnakunja uso. Kunjeni, ila mjibu swali moja. Kutoka mjane wa Sa'd mpaka 2015 ni kiasi cha miaka 1,390. Mjane wa Sa'd alipata hukumu yake kwa Mtume (s.a.w) mlemle Madina. Mjane wa Kiislamu wa Bariadi leo akija msikitini na malalamiko yaleyale, atapata nini? Ataambiwa nini na imamu, na kamati ya msikiti ambayo katibu wake ndiye shemeji yake?

Sasa tuje kwenye utaratibu, maana maneno bila utaratibu hayamsaidii mtu.

Siku ya kwanza hadi mgawanyo, vitu vibaki vilipo. Nyumba ya kupanga ikiwa mwenye nyumba anataka chumba chake, kodi ya siku zile ni deni la mirathi, ilipwe, wala isiwe sababu ya kuhamisha vitu usiku. Kama marehemu alikuwa akiishi Mwanza au Dar es Salaam na mmemleta kumzika Bariadi, mjue kwamba mahakama yenye mamlaka ni ya pale alipokuwa na makazi ya kudumu. Vitu visitangulie kijijini kabla ya msimamizi kupatikana.

Halafu orodha. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, kanuni za mwaka 1971 zinampa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni yote, ndiyo Fomu namba 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo, Fomu namba 6. Katika Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Wasimamizi wengi wanaandika mstari mmoja: "vyombo vya ndani." Hiyo si orodha. Pita chumba kwa chumba, mjane na mtoto mkubwa wa kike wawepo, andika kitu, hali yake, na nani anasema ni cha nani. Kuna vitu vinasahaulika sana huku kwetu: plau na minyororo yake, mkokoteni, mahindi na mtama wa ghalani, stakabadhi za pamba iliyopelekwa AMCOS ambayo haijalipwa, paneli ya sola juu ya paa, salio la kwenye simu. Simu ya marehemu ndiyo inayochukuliwa mwanzo na kijana wa pale nyumbani, anafuta laini, zinapotea pesa na zinapotea ushahidi wa madeni.

Kisha toa kisichokuwa cha marehemu. Cherehani aliyokuja nayo mke si mirathi. Alichomnunulia mumewe akamkabidhi kuwa zawadi yake ni chake, ikiwa alikipokea akiwa hai. Vitu vya watu, virudi kwa wenyewe. Halafu uliza mahari. Kwa Wasukuma ng'ombe huenda kwa baba wa binti, na watu wanadhani mahari imekwisha. Lakini kama siku ya nikaha yalitajwa mahari ya binti mwenyewe, iwe laki mbili au Msahafu na cherehani, na hayakulipwa, hilo ni deni la marehemu. Linalipwa pamoja na madeni mengine baada ya gharama za mazishi, kabla ya wasia, kabla ya mrithi yeyote kugusa kijiko.

Kuthamini sasa. Bei ni ya siku ya kugawa, si ya dukani wakati kinanunuliwa, wala si bei ya kutupa ili msimamizi akinunue mwenyewe. Wale waliosoma Matn Abi Shuja' madrasa wakumbuke mlango wa kugawa: mgawanyo ukiwa na kuthamini ndani yake, hatoshi mtu mmoja, wanatakiwa wawili. Chukua fundi seremala na mtu anayeuza vitu vya mitumba sokoni, wote waaminifu, wasiokuwa warithi. Kila mmoja aseme bei yake mbele ya watu, iandikwe. Huhitaji mthamini wa kusajiliwa kwa ajili ya kabati; huyo muite kwa nyumba na kiwanja.

Vitu haviwezi kukatwa vipande, kwa hiyo fuqahaa wakaweka kugawa kwa kusawazisha thamani: mnapanga mafungu yanayolingana na haki ya kila mmoja kwa bei. Kikizidi kimoja, anayekichukua anarudisha pesa kwa wenzake. Wakishindwana, kiuzwe, igawanywe pesa. Mnada wa haki ni bora kuliko jokofu moja kukaa kwa shemeji miaka mitano "kwa niaba ya watoto."

Na nguo? Nguo ni mirathi kama ng'ombe alivyo mirathi. Warithi wote wakiwa watu wazima na wameridhia kwa hiari, wazigawe sadaka, Allah awakubalie. Akiwepo mtoto mdogo, fungu lake katika zile nguo halitolewi sadaka na mtu yeyote, hata mama yake: zithaminiwe na fungu lake liwekwe. Lakini msifanye ukavu. Aya ya 8 ya Surat an-Nisaa inawataja jamaa wasiorithi, mayatima na masikini waliohudhuria mgawanyo, wapewe kitu na waambiwe maneno mazuri. Wakubwa watoe kwenye mafungu yao. Yule shangazi aliyefua nguo za marehemu miezi mitatu ya ugonjwa, mpeni kanga kwa mkono na mumshukuru, asilazimike kuivuta kwenye mkeka.

Jambo la mwisho ni ile karatasi ya kikao cha ukoo. Iandikeni wenyewe, msimwachie karani. Iseme: marehemu alikuwa Mwislamu, aliishi, ameoa na amezikwa kwa Uislamu, na familia inaomba mirathi yake iendeshwe kwa sheria ya Kiislamu. Ambatanisheni cheti cha ndoa. Majina ya warithi yaandikwe yote, mke na mabinti kwa majina yao kamili. Mjane asisaini karatasi ambayo hajasomewa, na kama Kiswahili kinampiga chenga asomewe kwa Kisukuma mbele ya mashahidi.

Sehemu ijayo in shaa Allah tutazungumzia ng'ombe wa marehemu waliowekwa kwenye maboma ya watu wengine, maana maswali yake ni mengi sana.

Wallaahu a'lam.